Mkonga Kwenye Bonge la Uzi

Kila Jumamosi opereta wa simu hapa Kasulu huisikia sauti ya mume wangu kabla yangu, na kwa hilo namchukia. Akishaunganisha watu, huulaza mkonga wa simu kwenye bonge la uzi asiwasikie, akafuma sweta huku midomo ikihesabu mishono. Jana, nikisubiri zamu yangu pale kaunta, kabla hajaulaza, nilimsikia mume wangu, aliye Dar, akiomba aunganishwe na duka la Shadia hapa mjini. Nikaurukia mkonga. Kiganja cha opereta kikaniwahi kuufunika.

“Hii si yako, mama.”

“Ni mume wangu huyo!”

“Ndiyo. Ila simu ni yake na Shadia.”

Kiganja hakikuinuka mpaka walipomaliza. Kisha akaniuliza kwa upole, “Haya, nikuunganishe na nani?”

Nikamwambia nimesahau namba ya mume wangu.