Kufuli la Kabati Jekundu

Wapangaji walimwita Mama Ufunguo, kwa utani tu, maana hawakujua jinsi jina hilo lilivyomkaa rohoni. Ufunguo wenyewe ulikuwa mdogo, umening'inia kwa uzi shingoni mwake. Ulifungua kabati jekundu lililokuwa chini ya ngazi, mlimokuwa na mpira wa maji wa kuzimia moto. Uchochoro ulikuwa mwembamba, gari la zimamoto lisingeweza kupita, kwa hiyo tegemeo la jengo zima lilikuwa kabati hilo. Siku alipoajiriwa kulitunza jengo, mwenye nyumba alimwambia, "Moto ukiwaka na wewe hupo, watakaokufa ni wako." Kisha akaenda zake kula.

Tangu siku hiyo mama wa watu hakuonja raha. Alioga mlango ukiwa nusu wazi ili asikie kelele. Kitunguu kikiungua ghorofa ya tatu, moyo ulimruka. Mama yake mzazi alipofariki, alituma salamu tu, akabaki kulinda kabati. Dada zake hawakumsamehe, na sijui nani angewalaumu.

Kisha likaja la kufuli. Watu wa zimamoto walipokuja kukagua, waliliondoa lile la zamani, nene kama ngumi, wakatia jipya lenye chuma chembamba na kumpa ufunguo wake. Kufuli gani hili, alijiuliza, la sanduku la mwanafunzi? Mwizi wa mipira si atalifungua kwa kucha? Kuuliza si ujinga, lakini mbele ya sare hata mjuzi humeza ulimi. Aliliokota lile la zamani, akalipaka mafuta na kulihifadhi.

Asubuhi moja hofu ilimshinda. Akasema liwalo na liwe, leo analirudisha. Alilitia mfukoni mwa gauni, akashuka, na hata hajaligusa kabati, simu ikalia. Alikuwa mkwewe.

"Mama, uchungu umemshika. Anakuita wewe tu. Njoo, tafadhali!"

Binti wa pekee, uzazi wa kwanza. Alisimama pale machozi yakimlengalenga. Ufunguo amwachie nani? Hakuna aliyemwamini. Mwishowe akaondoka nao shingoni, akasahau kabisa alichokuwa ameshukia.

Alasiri binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Bibi hata hajampakata vizuri, simu ikalia tena. Safari hii alikuwa jirani wa ghorofa ya pili.

"Uko wapi wewe? Moshi umejaa kwenye ngazi! Watoto wa juu hawajashuka!"

Alimrudisha mtoto mikononi mwa mkwe, akatoka mbio peku, kandambili zikabaki wodini. Njia nzima aliukamata ufunguo na kuomba, na akiomba aliwaona watoto wale mmoja mmoja: yule mwenye pengo, yule anayependa kuteleza kwenye kingo za ngazi, yule anayemwita bibi. Watakaokufa ni wako. Maneno hayo hayakumwachia hata pumzi.

Alipofika aliupasua umati kwa kelele. "Ufunguo ninao! Nipisheni, jamani, ufunguo ninao!"

Hakuna aliyeuhitaji. Maji yalikuwa yakitiririka ngazini. Watoto walikuwa wamekaa nje ukutani, nyuso zimejaa masizi, wanakohoa, wazima wote. Kabati lilikuwa wazi, na lile kufuli jembamba lilikuwa sakafuni, limekatwa.

"Mmefungua bila ufunguo?" aliuliza.

Mzimamoto mmoja, kijana aliyelowa chapachapa, akacheka. "Mama, sisi hatusubiri funguo. Ndiyo maana tuliweka hilo, mkasi wetu wa kukatia chuma unalikata mara moja. Lingekuwa lile la zamani, tungekuwa bado tunahangaika nalo, na hawa wadogo walishaanza kuishiwa hewa."

Mama Ufunguo akajikuta anacheka naye. Kisha kicheko kikageuka kilio, akamlilia mama yake aliyezikwa bila yeye. Aliingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifutia machozi, vidole vikagusa chuma kinene, kizito, chenye mafuta.

Hakukitoa. Akaketi palepale kwenye maji.

"Usiogope, mama," kijana alimwambia. "Yamekwisha."

Aliwatazama watoto wale, mkono ungali mfukoni, akiogopa kuliko alivyoogopa njiani.