Matairi Aliyoyachagua Mama

Nilikuwa kwa muuza matairi, nikisubiri langu lizibwe, gari dogo jekundu la michezo lilipoingia uani. Breki zake tulizisikia kabla hatujaliona. Dereva, kijana wa mtaa wa Kinanira, alishuka na kuomba matairi manne manene, yanayomeza mashimo. Mama yake alibaki ndani, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Namubeba kila siku," kijana alimweleza mwenye duka. "Hii barabara itamumaliza mugongo."

Mwenye duka akaviringisha tairi nene hadi mlangoni mwa gari. Mama akalitazama, kisha akanyoosha kidole juu ya rafu, kwenye tairi lenye ubavu mfupi, la kwendea mbio.

"Ile."

"Apana, mama. Ile ni ngumu."

"Hiyo yako ni ya lori. Jumamosi tuko na harusi Kinindo. Unataka nishuke kwenye lori, wakwe wananiangalia?"

"Na mugongo?"

"Mugongo ni wangu. We kazi yako ni kwenda polepole."

Mwenye duka aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kijana akakuna kichwa, akakubali.

Walipoondoka, baiskeli iliyobeba ndizi ililipita lile gari. Mama alikuwa ameshusha kioo, anasalimia watu.

Wazazi wetu tunawauliza wanaumwa wapi, na tunafanya vizuri. Tuwaulize pia wanataka kushukia wapi, na nani awe anatazama.