Comparator yangu ilivyomnyamazisha baba mkwe siku ya harusi, Isiolo

Wakuu, salaam aleikum. Na wale wa habari, habari zenu.

Naona huku vijana mnabishana juu ya comparator na hysteresis, kila mtu na digrii yake. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Lakini hiyo kitu nilijenga Isiolo miaka ya themanini, na nilioa nayo. Siwezi kudanganya hapa, mke wangu yuko jikoni na ananisikia nikisoma kila neno.

Nilikuwa fundi wa redio mjini. Nikampenda Halima wa Chechelesi. Baba yake, Mzee Guyo, alikuwa mtu wa ngamia na mtu wa maneno. Akisimama kuongea, bandika chai ingine.

Nikamwahidi spika ya harusi. Stima kwao haikuwa, so spika ingekula betri ya lori ya rafiki yangu Abdi. Lori hiyo hiyo ndiyo ya kumleta bibi harusi kwangu.

Mzee akaniangalia. "Kijana, spika sawa. Lakini binti yangu haondoki na gari ya kusukumwa. Lori ikikataa kuwaka, analala kwangu mpaka mwezi mwingine."

Unaona shida yangu.

Nikajenga circuit. Comparator ni mwamuzi tu, inalinganisha voltage mbili. Moja ya betri, ingine ya zener, hiyo haibadiliki. Betri ikishuka mpaka alama niliyoweka, relay, ile swichi inayojiendesha, inaachilia, spika inazima, lori inabaki na nguvu ya kuwaka.

Nilichukua ya low-power, isiyokula betri, kwa sababu mlinzi wa maziwa hafai kuwa ndiye anayeyanywa.

Siku ya kujaribu, tukapiga muziki mpaka betri ikachoka. Mzee akashika mic mwenyewe.

"Mimi Gu... tik... yo nasema bin... tik... ti yangu..."

Relay inalia kama panzi! Shangazi ya Halima akashika mbavu. "Fundi, umempa mzee kwikwi?"

Iko hivi. Spika ikizima, betri inapumua, voltage inapanda kidogo. Comparator inaona sawa, inawasha. Spika inavuta, voltage inashuka, inazima tena. Nikasogeza alama chini, kwikwi ikaja tu baadaye kidogo.

Asubuhi nikamfuata mzee kisimani kumwomba radhi. Siku hiyo alikuwa aba herega, yule anayesimamia zamu ya maji. Ngamia wa jirani walikuwa wamekunywa wakatoka, lakini jirani mwenyewe akaona nafasi kwa birika, akawageuza.

Mzee akapaza sauti. "Wewe! Unarudisha hao wapi?"

"Aba, si kuna nafasi?"

"Nafasi si zamu! Ukishatoka majini umetoka. Ngoja wote wanywe!"

Wakuu, nilisahau hata kusalimia. Nikarudi mbio. Mzee akadhani nimetoroka harusi.

Dawa ilikuwa resistor moja, kubwa, kutoka output kurudi kwa mguu wa plus. Sasa kuna alama mbili: ya kutoka iko chini, ya kurudi iko juu kabisa, haifikiwi mpaka betri ichajiwe. Hiyo ndiyo hysteresis.

Abdi akapeleka lori Ngaremara na kurudi, betri ikajaa.

Siku ya harusi, mzee akaongea. Hotuba ikafika kwa ngamia wa babu yake, tik. Mara moja tu. Kimya. Akagonga mic, akaipuliza. Wapi!

Abdi akaingia kwa lori, mimi na Halima kando yake. Starter moja, ikanguruma. Vigelegele!

Mzee akaja kwa dirisha, mic bado mkononi. "Fundi, mimi sijamaliza."

"Baba, ukishatoka majini umetoka."

Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Ondoa hii lori hapa."

Hotuba yenyewe alikuja kuimalizia kwangu, kidogo kidogo, kila alipokuja kunywa chai, mpaka Mungu akamchukua.

Funzo: circuit bila hysteresis ni kisima bila aba herega.

Wenye digrii, karibuni mnikosoe. Lakini kwanza mniambie, nyinyi mlioa na circuit gani?