Injini Iliyogonga Nikasema Ni Tapeti

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, siyo ya arusi yangu wala ya kuzaliwa kwa kifungua mimba wangu. Ni asubuhi moja ya mvua mjini Kitale, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, simu za mkononi zilipokuwa bado zinafungwa kwenye mshipi ili kila mtu azione. Nilivaa suruali mpya ya rangi ya maziwa. Shika hapo kwenye suruali, maana ujinga wangu wote ulianzia hapo.

Nilikuwa fundi. Nilifundishwa kazi na Mzee Njoroge, Mkikuyu mmoja mkimya ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia zamani kulima mahindi. Karakana yake ilikuwa ya mabati, kando ya barabara ya kwenda Kachibora. Tulitengeneza trekta na mashine za kusaga unga. Injini ya dizeli nilikuwa naijua kama mfuko wangu. Magari madogo ya kasi, yale ya milango miwili, nilikuwa nimeyaona yakipita tu.

Basi akaja Simiyu. Simiyu wa Kibabii, kule Bungoma, tulitahiriwa mwaka mmoja, mto mmoja, na kwetu mtu kama huyo unamwita bakoki mpaka mmoja wenu azikwe. Humnyimi kitu bakoki wako, wala humuaibishi mbele ya watu. Alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi yetu shamba lenye nyumba ya mama lilikuwa lake, na mama alikuwa humo humo. Sasa alikuwa amempata mtu wa kulinunua.

“Nataka gari ya arusi, bana,” akaniambia. “Bungoma nzima maharusi wanabebwa na pick-up. Mimi nitaleta ile ya milango miwili, nyekundu, na kila Jumamosi nina kazi. Mwaka ukiisha najengea mama nyumba ya mawe Kanduyi.”

Usimcheke. Ndoto yake haikuwa mbaya. Alikuwa amemwahidi mama yake, na mama alikubali kwa sababu alimwamini mwanawe, na mwanawe aliniamini mimi. Alitaka kitu kimoja tu kwangu: niisikilize ile injini kabla hajanunua.

Tulilikuta gari kwenye uwanja wa muuzaji, jekundu kweli, lina bawa nyuma, watu wanalizunguka. Simiyu akanitambulisha kwa sauti: “Huyu ndiye mtaalamu wangu.” Mwanangu, sikuwa nimewahi kuitwa mtaalamu. Nilihisi shingo yangu ikirefuka.

Muuzaji, kijana mchangamfu, akasema, “Niaje, mtaalamu. Washa usikie mwenyewe.”

Nikawasha. Kulikuwa na baridi ya Kitale unayoijua, na injini ilikuwa baridi pia. Ikanguruma vizuri, lakini chini ya ule mngurumo kulikuwa na kitu. Ko, ko, ko. Kidogo tu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Simiyu naye alikisikia. Akanitazama.

Sasa sikia nilichopaswa kufanya. Mzee Njoroge alikuwa na utaratibu wake na hakuuruka hata kwa trekta ya askofu. Injini inayogonga aliiacha kwanza ingurume nusu saa mpaka ishike moto, kwa sababu oili ikiwa baridi ni nzito na inaficha mengi. Kisha alilala chini ya gari, akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake kwenye sikio, akasikiliza tumbo la injini. Kisha, kwa injini ya petroli, alichomoa waya za plagi moja moja, akingoja kuona ni ipi ikitoka ule mlio unanyamaza. Mwisho alimwaga oili kidogo juu ya karatasi ya pakiti ya unga akaipeleka juani, kuona kama kuna chembe zinazong'aa. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

Mimi niliangalia chini nikaona tope. Niliangalia suruali yangu. Niliangalia watu. Nikaweka bisibisi juu ya injini, upande wa juu tu, ambako mtu anafika akiwa amesimama, nikafumba macho kama mchungaji anayeombea wagonjwa, na dakika tatu baadaye nikatangaza: “Ni tapeti. Vyuma vidogo vya huku juu vimelegea. Nitavikaza siku moja, kwisha.”

Watu wakaitikia kwa vichwa. Simiyu akacheka kwa furaha, akanishika bega. Jioni hiyo alishuka Bungoma akiendesha gari lake, na shamba likawa limekwenda. Wiki hiyohiyo mama yake alinitumia jogoo, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, na salamu: ahsante kwa kumwangalizia mtoto wangu gari. Nilimla. Alikuwa mtamu.

Siku ya kumi Simiyu alirudi Kitale, akaja karakanani. Uso wake haukuwa ule. “Bakoki, ikipanda kilima inapiga kelele. Mama mwenyewe ameisikia.”

Safari hii nilikuwa na ovaroli, na hakukuwa na watu. Nikaiacha ishike moto. Nikalala chini. Mwanangu, ule mlio haukuwa wa juu. Ulitoka chini kabisa, mzito, ko, ko, ko, ukipenya kwenye bisibisi mpaka kwenye meno yangu. Nikachomoa waya wa kwanza, ukaendelea. Wa pili, ukaendelea. Wa tatu, kimya. Nikaurudisha, ukarudi. Nikamwaga oili kwenye karatasi ya unga, nikaitoa juani, na ikametameta. Beringi inayoshika mkono wa pistoni ya tatu ilikuwa imekwisha na sasa ilikuwa inajisaga ndani ya oili. Hiyo siyo kazi ya kukaza kitu siku moja. Hiyo ni injini inayokufa, na ilikuwa inakufa tangu ile asubuhi ya suruali.

Yote hayo yalinichukua chini ya saa moja. Ningeyafanya siku ya kwanza, shamba lingekuwapo.

Simiyu alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, anakula mahindi ya kuchemsha, ananingojea. “Ni nini?”

Nikamtazama. Nikawaza vile atakavyowaambia watu. Nikawaza jogoo. Nikasema, “Si ni zile zile tapeti. Oili yake nyepesi sana, ndiyo maana.” Nikamwaga ile oili, nikaweka oili nzito ya trekta. Kelele ikapungua. Ikapungua kabisa, bana, hata mimi mwenyewe nikataka kuamini. Akaniambia ana arusi yake ya kwanza Jumamosi, niwe mgeni wake. Akaondoka akipiga honi.

Mzee Njoroge alikuwa mlangoni mwa karakana muda wote huo. Aliokota ile karatasi ya unga, akaigeuza juani.

“Umeona nini hapa?” akaniuliza.

“Beringi, Mzee.”

“Na umemwambia nini?”

Nikaanza kukusanya spana.

“Kutojua sikukukataza,” akasema. “Mimi mwenyewe sijui mengi. Lakini wewe umejua, na umemwacha aende. Wewe siyo fundi. Wewe ni mtu aliyeshika spana.” Akatoa simu yake mfukoni, akaniwekea mkononi. “Mpigie saa hii, kabla hajafika Kiminini.”

Nilikwenda nyuma ya karakana na simu ya mzee wangu mkononi. Namba ya Simiyu nilikuwa nayo kichwani. Nilisimama pale nikihesabu mabati, kisha nikarudi nikasema, “Haipatikani.” Akaipokea simu, akairudisha mfukoni. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine, na tangu hapo hakunifundisha kitu kipya.

Nilikwenda kwenye ile arusi. Unaweza kuniuliza nilikwenda kufanya nini. Sijui. Labda nilitaka kuwa karibu kama mtu anayesimama karibu na sufuria anayojua itafurika. Bibi arusi alitoka Chwele, na gari jekundu likatangulia limefungwa riboni nyeupe. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye gari la wanakwaya, tunaimba. Tulipopita Kibabii akina mama wakatoka mashambani kupiga vigelegele, na mama Simiyu alikuwa miongoni mwao, anapunga leso.

Hatukufika kanisani Kanduyi. Kwenye kilima kabla ya mji nilisikia ule mlio wa ko, ko, ko hata kupitia nyimbo. Ukawa mkubwa, ukawa wa haraka, kisha mlio mmoja kama shoka kwenye bati, na moshi. Oili ikatapakaa barabarani. Mkono wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ubavu wa injini, tundu la kuingia ngumi. Bibi arusi alitolewa akilia, gauni limeinuliwa lisishike oili, akapandishwa kwenye gari la kwaya. Wakaenda zao. Kulibaki Simiyu, mimi, na lile gari.

Akachungulia ndani ya boneti, akaweka kidole kwenye lile tundu. “Hizi tapeti,” akasema polepole, “ndizo zinafanya hivi?”

Nikamjibu kwamba magari haya ya Wajapani hayatabiriki. Ndiyo. Hata pale.

Aliliuza vipande vipande. Mama alihamia chumba cha kupanga Kanduyi, akawa anauza mboga kando ya barabara. Kila nilipopita aliniita kwa lafudhi yake ya nyumbani. “Fundi wangu! Wewe urijaribu. Shetani tu ndiye ariingia hiyo gari.” Na ananipa fungu la sukuma, anakataa pesa. Nikaanza kuzunguka njia ya nyuma ili asinione. Kuna watu wanaoogopa adui zao, mwanangu. Mimi niliogopa mama anayeuza mboga, kwa sababu alinipenda.

Miaka mitatu hivi ikapita. Kila mwaka nilijiambia Krismasi hii nitakwenda kumwambia mama Simiyu. Kisha nikaletewa habari kwamba kifua kimemchukua, ndani ya kile chumba. Alizikwa kwa mwanawe mkubwa, pembeni, karibu na ua, mbali na mume wake, kwa sababu kaburi la mume wake lilikuwa kwenye shamba la mtu mwingine.

Baada ya mazishi, watu wakila, nilimwita Simiyu nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote. Suruali, waya wa tatu, karatasi, oili ya trekta, simu ya mzee. Sikulia, nilijizuia, maana kilio siku hiyo kilikuwa chake.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliniuliza swali moja: “Ulijua siku ya kumi?”

“Siku ya kumi.”

Akakaa chini kwenye majani. “Yule wa gari aliniandikia barua mbele ya mashahidi, ati injini ikisumbua ndani ya siku kumi nirudishe gari, anirudishie pesa. Na mwenye kununua shamba alikuwa hajaenda bodi ya ardhi kuidhinishiwa, yule mzee alikuwa mtu mzuri, tungerudishiana. Ndiyo maana nilikuja Kitale siku ile. Nilikuja nikiwa na ile barua mfukoni. Wewe ungesema tu.”

“Hukuniambia kuhusu barua.”

“Si uliniambia ni tapeti?”

Akainuka akaenda kuwapa wageni maji ya kunawa. Yuko hai mpaka leo, anafyatua matofali. Tukikutana tunasalimiana vizuri, anauliza watoto, namuuliza mvua. Lile shamba lina vyumba vya wanafunzi sasa, ghorofa mbili. Hakuna nililorekebisha. Nimejaribu kumpelekea hiki na kile, anapokea kwa adabu, na hakuna kinachorudi.

Ndiyo maana nimekuita, wewe uliyepata kazi juzi na tayari watu wanakuita jina kubwa. Usipojua, sema sijui, na useme mbele ya haohao waliokusifu. Aibu yake inakwisha kabla ya chakula cha mchana. Lala kwenye tope, nguo zinafuliwa. Na ukishajua jambo linalomhusu mwenzako, mwambie siku hiyohiyo hata kama linakuvua nguo, kwa sababu hujui amebeba nini mfukoni wala amebakiza siku ngapi. Mimi nilisema ukweli wote, kila neno. Niliusema kando ya kaburi, na haukumfaa mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mdomo mwepesi pale wangu ulipokuwa mzito. Akupe rafiki wa kukuamini, kisha akuepushe na kuiona sura yake siku anapojua. Mimi nimeiona, na siwezi kukuombea jambo kubwa kuliko hilo.