Siku Baba Alipoimba Lokiriama

Siku yangu ya kwanza kazini, bosi alikuwa baba yangu mzazi, naye alinipokea kama mgeni. Alfajiri ile tulikunywa chai pamoja nyumbani, lakini tulipoingia kwenye uwanja wa idara ya maji pale Lodwar alinikabidhi spana kubwa na kuniuliza jina.

"Ekiru."

"Ekiru wa nani?"

"Wako, Apa."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hapa mimi ni Fundi Mkuu. Apa yuko nyumbani, utamkuta jioni."

Ninyi vijana mnaofunga pampu za sola hamtaujua uzito wa pampu ya mkono. Chini ya mpini kuna mabomba ya chuma yaliyoungwa moja baada ya jingine hadi kwenye maji. Chini kabisa kuna silinda, na ndani ya silinda washa, yaani pete ya ngozi inayoenea kiganjani. Washa ikichakaa, mpini unapanda na kushuka bure. Ili kuifikia, lazima uyatoe mabomba yote. Kila bomba likipanda, unalibana lililo chini yake kwa kibano, yaani chuma chenye meno kinachokaa mdomoni mwa kisima, ndipo unalifungua la juu. Kibano kikiteleza, mabomba yanatumbukia, na kisima kimekufa.

Kabla ya kugusa nati yoyote, baba alivua kofia na kuomba. Afisa wa Maji wa Wilaya, mtu wa haraka, hakuipenda desturi hiyo.

"Mzee, hiyo pampu unaikagua ama unaiombea?"

"Yote mawili, bwana mkubwa. Kukagua ndiko kunachukua muda."

Nilizunguka naye. Kalokol maji ya chumvi yalikula vyuma kama mchwa, tukawa tunarudi mjini tukinuka samaki. Kakuma akina mama wakimbizi walipanga mitungi tangu asubuhi, na mmoja wao, Mkongo, alimpigia kelele: "Papa fundi, leo tutapata maji ao turudi kulala?"

"Shika kamba hii, mama. Utayapata upesi."

Ndivyo alivyofanya kazi. Kamba ilipita kwenye kapi juu ya miti mitatu, watu wakaishika, baba akaanzisha wimbo wa kanisa. Kwenye kiitikio wote walivuta pamoja, bomba likapanda taratibu. Kakuma hata waliotoka Burundi waliitikia kwa lugha yao, na kamba haikujua tofauti.

Nyimbo nyingine hakuziruhusu kazini. Wanaume wa rika lake kila mmoja alikuwa na maksai aliyempenda, akaitwa kwa jina lake na kumtungia wimbo. Wa baba alikuwa mweupe, Lokwang. Alipobatizwa, mwinjilisti alimwambia nyimbo za maksai ni za uvamizi na matambiko, naye akauacha wake. Sisi wanawe hatukuwahi kusikia hata mstari mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa na aliongoza maombi kila Jumapili. Heshima hiyo aliithamini kuliko cheo cha Fundi Mkuu.

Kisha tukaitwa Lokiriama. Kilikuwa kiangazi kibaya, na pampu pekee iliyobaki huko ilikuwa imeharibika. Mifugo ilikuwa imelala kuizunguka, mingine isiinuke tena. Wafugaji walikuja kuvuta, wanaume wenye nguvu, baba akaanzisha wimbo wake. Wakamtazama tu. Hawakuujua. Akajaribu kuwahesabia kwa Kiswahili. Kila mmoja akavuta kwa wakati wake. Kamba ikaruka, kibano kikateleza kiasi cha upana wa kidole kisha kikashika tena. Nilisikia meno yake yakisaga chuma. Baba akainua mkono, kila mtu akasimama.

Mzee mmoja, mkaidi wa sura, akasema, "Fundi, wewe ni Mturkana kweli?"

"Ni Mturkana."

"Uko na ng'ombe?"

"Nilikuwa naye."

"Sasa unatuvutisha na nini? Na hewa?"

Watu wakacheka, kicheko cha watu wenye kiu. Baba alikitazama kibano, akaitazama mifugo. Akavua kofia, lakini safari hii hakufumba macho. Akainua mikono juu kama pembe, akaimba.

Sauti ile sikuijua. Ilitoka chini zaidi ya ile ya kanisani. Alimtaja Lokwang, weupe wake, pembe zake, mahali walipochunga. Yule mzee alikuwa wa kwanza kuitikia, kisha wote, na kamba ikanyooka. Mabomba yakapanda moja baada ya jingine hadi silinda ikatoka. Tukabadilisha washa, tukayarudisha yote kwa wimbo uleule. Maji yalipotoka, baba alikuwa wa mwisho kunywa.

Njiani nilimwambia, "Apa, kule kanisani hakuna aliyesikia."

"Aliyesikia ndiye mwenye kanisa."

Jumapili akasimama mbele ya waumini akaeleza alichofanya, bila kupunguza. Wazee wenzake wakakutana. Mwinjilisti akamwambia, "Tubu tu, ndugu yetu, urudi mahali pako."

"Nimesema nimeimba," baba akajibu. "Sikusema nimekosa. Nikitubu maji yale, nitakuwa nimemdanganya aliyenipa."

Wakamwondoa kwenye uongozi. Tangu siku hiyo alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilidhani atahamia kanisa lingine, Lodwar hayakosekani. Hakuhama. Aliendelea kufika kabla ya wote, akafagia, akapanga mabenchi ambayo hakuruhusiwa tena kusimama mbele yake. Alipostaafu wajukuu wakaanza kumfuata hapo nyuma, wakimpandia magotini, naye akiwanong'oneza wanyamaze neno lisomwe.

Mimi kazi hii imenipeleka mbali, hadi ng'ambo ya mpaka, na sijawahi kukaa mahali miaka mingi. Nimewaona mafundi hodari wengi. Bado sijamwona mwingine aliyeadhibiwa na watu wake akaendelea kuwafagilia.

Alipofariki nilirudi Lodwar. Tuliingia na jeneza kanisani, na mwinjilisti mpya, kijana mwenye adabu, akatuonyesha mbele, mahali pa wazee wa kanisa. Tulipofika benchi la mwisho mama akashika mbao za jeneza.

"Mwekeni hapa."

"Mama, mbele tumemwandalia."

"Hapa ndipo mlipomweka."

Tukamteremsha. Mwinjilisti alisimama kule mbele na Biblia yake, watu wote wamempa uso na baba yuko nyuma yao. Kisha akashuka, akapita katikati hadi mlangoni tulipokuwa, na kanisa zima likainuka kugeuza mabenchi.