Maji ya Kumwoshea Baba

Baba alikufa asubuhi, tukakubaliana azikwe baada ya alasiri. Mabomba ya Buyenzi yalikuwa makavu siku ya nne. Mimi, mtoto mkubwa, nikaenda kutafuta maji mpaka Kamenge, nikarudi na bidoni moja begani. Mama akafungua kifuniko, akanusa, akanitazama.

"We mutoto, hii bidoni umeitoa wapi?"

Ya gereji. Ile tuliyokuwa tunapanga nayo foleni ya mafuta ya gari tangu esansi iadimike. Maji yote yalinuka esansi, na mimi, fundi mtoto wa fundi, pua yangu ilikwisha kuizoea. Nilitamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu wa kike, mwanachuo, akaiuliza akili mnemba ya kwenye simu yake. Ikajibu upesi, kwa Kifaransa kizuri: sabuni, siki, bidoni ikae juani siku mbili. Siku mbili! Akauliza tena. Ikatupa pole, ikasema pasipo maji maiti hutayamamishwa, udongo safi unatosha. Haikusema uongo.

"Apana," mama akasema. "Maisha yake yote kapakwa grisi, leo nimwongeze vumbi? Wallahi sitaki."

Akaenda kwenye friji yake. Mama huuza barafu za vifuko, na hizo alizigandisha kabla mabomba hayajakauka. Simu haikujua habari zake. Lakini sisi tunaoifungua friji hiyo kila siku, mbona hatukuona kwamba mle mna maji?

Uani ililala kapo nyeusi, mfuniko wa injini ya gari la mteja, ambayo baba aliing'oa akafa hajairudisha. Jua lilikuwa limeipasha mpaka inachoma mkono. Mama akavipanga vifuko juu yake, tukakaa tunavigeuzageuza kama mihogo ya kuchoma. Kilichoyeyuka tulikimimina kwenye ndoo.

Maji ya kwanza na ya pili yalitosha. Ya mwisho, yenye karafuu maiti, bado yalikuwa na mabonge ya barafu adhana ilipoanza, na wazee wa msikiti wakasema tusingoje tena.

Baba hakupenda kabisa maji ya baridi. Kila alfajiri alinipigia kelele nimchemshie ya kuoga. Nikainua kopo. Barafu iligonga bati lake. Nikammiminia kuanzia bega la kulia.

"Baba, unisamehe," nikamwambia. "Ni ya baridi."