Kisahani Chekundu

Chekeni mkitaka, lakini sijutii. Nafanya kazi katika maabara moja ya mtaa wa Hurlingham, na kwa miezi minane nimekuwa nikimbembeleza kuvu mmoja mweupe atengeneze dawa. Jeni za kazi hiyo anazo, ila amezizima.

Juzi nikakuta kisahani ninamomkuza kimegeuka chekundu. Nilipiga kelele hadi ofisi nzima ikaja. "Jeni zimewaka! Rangi hii ndiyo dawa!" nikatangaza, huku nikimkumbatia mhasibu.

Bosi wangu, Daktari Hansa, akakifungua na kunusa. "Wanjiru, hiki kinanuka udongo ulionyeshewa. Kabla ya kuja kazini huwa unafanya nini?"

"Napalilia sukuma wiki zangu kule mtaani Jamhuri."

"Na glavu ulivaa?"

Akauinua mkono wangu, wote wakaona kucha nyeusi. "Umetuletea bakteria wa shambani. Kitupe."

Walicheka mpaka mhasibu akakaa chini.

"Sitaki!" nikasema. "Kuvu akibanwa na bakteria, wakati mwingine huziwasha jeni hizo ili ajitetee. Huenda wekundu huu ni wake."

"Huenda," akasema Daktari. "Lakini kwanza nenda ukanawe."

Nilienda kunawa, na kisahani nikaenda nacho hadi kwenye sinki, wasije wakakitupa.